Jiwe Jeupe Lenye Chembe za Manjano: Je, Ni Dhahabu?

SWALI: Mhariri, kaka yangu anayechimba Migori ameniletea jiwe jeupe la kwatzi lenye chembe za manjano zilizo kama vijisanduku, nyingine za kijivu, na madoa ya kutu. Dalali mmoja mjini anasema ni dhahabu tupu, ila anataka tumlipe kwanza ndipo atutafutie mnunuzi. Nitajuaje ukweli? – Msomaji, Kayole, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, msimpe dalali huyo hata shilingi. Vijisanduku vya manjano unavyovieleza ni dalili ya pairiti, madini ya chuma na salfa. Ukivitazama kwa lenzi, huenda ukaona mistari myembamba kwenye nyuso zake, na mistari ya uso mmoja imekingamana na ya uso wa jirani. Chukua kigae, kigeuze upande usiong'aa, kisha usugue chembe moja hapo: pairiti huacha alama nyeusi yenye ukijani, ilhali dhahabu huacha alama ya manjano. Ukiidunga dhahabu kwa sindano hubonyea, lakini pairiti haibonyei, na ikigongwa husagika.

Chembe za kijivu zinahitaji uangalifu zaidi. Zikiwa laini, nzito mno na huvunjika kwa vijisanduku, ni galena, yaani madini ya risasi (metali laini nzito) na salfa. Zikiwa ngumu, nyeupe kama fedha, na zinatoa harufu ya kitunguu saumu zinapogongwa, ni asenopairiti, ambayo ina aseniki. Nakusihi umwonye kaka yako asichome mawe ya namna hiyo, kwa kuwa aseniki hupanda na moshi, nao ni sumu inayoua.

Hata hivyo, msilitupe jiwe. Maji ya moto yaliyopenya katika nyufa za miamba chini ya ardhi ndiyo yaliyobeba silika (kitu kinachounda kwatzi), salfa na metali, na yalipopoa yakaviacha pamoja. Ndiyo maana dhahabu ya Migori mara nyingi huandamana na pairiti, na pengine hujificha ndani yake kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo hata zebaki, wanayoitumia wachimbaji kunasa dhahabu, haizinasi vizuri. Kutu unayoiona ni pairiti iliyooza kwa hewa na maji.

Pelekeni sampuli katika maabara ya madini, mkaombe kipimo cha gramu za dhahabu kwa kila tani ya mwamba, kabla ya kuzungumza bei na mtu yeyote.