Vidonge visubiri sampuli

Nafanya kazi ya maabara huku Mbeya. Kila masika yakikolea, mito ya Kyela ikifurika na vyoo vikajaa maji, huwa nasubiri simu kutoka zahanati za bondeni: "Dokta, tuna wagonjwa wa kuhara, sampuli zinakuja."

Ombi langu kwenu wa Kyela, Rungwe, Tunduma na mpaka Iringa ni hili. Mtu akianza kuhara maji mfululizo, ambayo ni dalili ya kipindupindu, mwanzishieni maji ya chumvichumvi (ORS) hapo hapo nyumbani na msingoje kipimo chochote. Muwahisheni kituoni huku anaendelea kunywa njiani. Ila vidonge vya duka la dawa visubiri hadi sampuli ya kinyesi ichukuliwe. Kuichukua ni kazi ya dakika chache tu, haimcheleweshi mgonjwa kutibiwa.

Bakteria wa kipindupindu tunamthibitisha kwa kumwotesha. Sampuli tunaipaka kwenye sahani ndogo yenye chakula chake maalumu, cha rangi ya kijani. Kama yupo, kesho yake unakuta vidoa vya manjano, vimelala bapa, vinang'aa. Kutoka hapo tunamhakiki, kisha tunaangalia dawa ipi inamuua na ipi ameshaizoea. Mgonjwa aliyekwisha kumeza doksi au sipro, dawa za kuua bakteria, huweza kutuachia sahani ya kijani tupu. Yeye bado anahara, majirani nao wanahara, na karatasi ya majibu inasema hakuna kilichoota. Wilaya nzima inabaki inabahatisha.

Namkumbuka mama mmoja aliyeletwa na binti yake. Nikamwamkia, nikamuuliza kama amemeza dawa yoyote. "Marahaba mwanangu. Sijameza kitu." Binti akamtazama mama yake, akafungua pindo la kanga. Ndani mlikuwa na kikaratasi chenye vidonge vya rangi mbili vilivyobaki. "Tulinunua vya kupunguza tu, dokta." Duka lilikuwa jirani, zahanati ilikuwa mbali na barabara tope tupu, nani angewalaumu? Tukaandika kwenye fomu jina la dawa na saa aliyoimeza, kwa sababu taarifa hiyo ndiyo inayotuwezesha kuyasoma majibu sawasawa. Kwa hiyo msitufiche. Na ninyi wenzangu wa afya, msimgombeze anayesema kweli, maana mgonjwa anayefuata atanyamaza.

Kwa wenzangu hao nina mawili mengine. Ndoo ya chini ya kitanda ikishatiwa klorini, msichote sampuli humo, maana klorini inaua hao hao tunaowatafuta. Chukueni kabla, kwa chombo safi kisicho na dawa. Na kijiti chenye sampuli kikishaingia kwenye kichupa chake cha kusafirishia, msikifungie na barafu. Bakteria huyu hapendi baridi.

Kipimo cha haraka, kile cha robo saa, ni cha kupigia kengele. Tunakihitaji sana huku mpakani. Malawi ilianza mlipuko mkubwa Machi 2022 ukaua watu zaidi ya 1,700, na Zambia ikafuata mwishoni mwa 2023. Kasumulu na Tunduma watu wanavuka kila siku. Lakini kikisema "hapana", mgonjwa bado anatibiwa kwa dalili zake na sampuli bado inakwenda kuoteshwa.

Viongozi wa mitaa nao nawaomba wasitangaze ugonjwa kwa kukisia, na wasiufiche kwa kuogopa soko kufungwa. Mwaka 2022 kule Ruangwa, mkoani Lindi, watu waliugua homa na kutokwa damu puani, na wengine wakafariki. Vipimo vikaondoa Ebola, vikaondoa Marburg na UVIKO-19, vikaonyesha homa ya mgunda, ambayo bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine. Ugonjwa huo una dawa za kawaida, na kinga yake ni kujihadhari na panya na maji yaliyochafuliwa na mkojo wa wanyama. Bila maabara, kijiji kingebaki kikikimbiana chenyewe.

Kuna jambo moja linalowaudhi ndugu wa wagonjwa, na nawaelewa: mlipuko ukishathibitishwa, hatupimi kila anayeletwa. Mgonjwa wenu hajatupwa. Anatibiwa vile vile, na sisi tunapima wachache kila baada ya muda kuona kama bakteria ameanza kuzoea dawa, na baadaye kujua kama mlipuko umekwisha.

Mkifika kituoni, acheni namba ya simu inayopatikana, hata ya jirani, na mseme mnachota wapi maji: bomba, kisima au mto, na upande gani wa mto. Majibu yakitoka, timu itaanzia hapo.