Kabla Hujanunua Kamera ya Safari, Sikia Aibu Yangu ya Irente

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, Desemba tunapanda Ngorongoro na familia. Nina laki sita, nataka kamera ndogo ya kuingia kwenye pochi. Dukani wamenionyesha moja ya megapikseli 48, zumu mara 16. Nichukue?" Nikamjibu neno moja: usichukue. Usiku nikajiona nimekuwa mkali bure, kwani yeye hajui yaliyonikuta. Kamera kama hiyo niliwahi kuimiliki, na ushahidi wake umetundikwa hadi leo sebuleni kwa baba yangu.

Ilikuwa Septemba 2018. Baba alifundisha shule ya msingi huko Soni akiwa kijana, na tangu astaafu hakuwa na wimbo mwingine ila kurudi kuiona milima ya Usambara. Tukachangishana ndugu, tukapata gari. Mimi nikajiteua mpiga picha wa msafara. Hakuna aliyeniomba, nilijiteua tu. Nikaingia duka moja mjini na laki tatu na nusu, nikatoka na kamera ya rangi ya fedha, boksi limeandikwa 48 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kamera yenyewe. Muuzaji akaniambia hiyo ni zaidi ya simu yoyote. Nikamwamini, maana 48 ni nyingi kuliko 12 za simu, hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza.

Kutoka Mombo hadi Lushoto niliivaa mkononi kama bangili ya bibi harusi.

Irente tulifika saa kumi alasiri. Kama hujafika, pale mlima unakatika ghafla kama umepigwa panga. Chini kabisa unaiona Mazinde, mashamba ya mkonge yamenyooka kama mistari ya daftari, halafu nyika ya Wamasai inakwenda mpaka macho yachoke. Baba alisimama mwambani, akavua kofia, akanyamaza. Mzee wangu huwa hanyamazi. Nikapiga picha arobaini na kitu. Jua lilikuwa limetuelekea usoni, kwa sababu pale unatazama magharibi, na kwenye kioo cha kamera nilichokuwa nakiona ni uso wangu mwenyewe na miwani yangu. Nikawa napiga kwa kubahatisha, huku nawaambia watu, "Tulieni, inatoka vizuri."

Usiku gesti tukafungua. Mbingu nyeupe kama shuka la hospitali. Baba mweusi tii, hana macho wala pua. Mazinde haipo. Zile nilizovuta karibu kwa zumu zilikuwa vipande vipande kama vigae vya bafuni. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa amepiga picha moja tu kwa simu, mkono mmoja, mwingine umeshika muhindi wa kuchoma. Mbingu ipo, mkonge upo, baba yupo na kofia yake mkononi. Hiyo ndiyo iliyotiwa fremu. Kila mgeni akiingia anauliza nani kapiga, na baba anajibu kwa sauti ya juu, "Mkwe wangu." Miaka yote hiyo, na mimi bado nachemsha chai jikoni nasikia.

Basi uchungu ukanifanya nisome. Nawaambieni niliyoyakuta.

Megapikseli ni idadi, kwa mamilioni, ya vidoa vinavyounda picha. Anayepokea mwanga ni sensa, kile kipande kidogo kilichojificha nyuma ya lenzi. Kamera ndogo nyingi zina sensa ya milimita kama 6 kwa 4.6, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ukijaza vidoa vingi mno kwenye uwanja huo, kila kidoa kinapata mwanga kiduchu na picha inajaa chengachenga. Wenyewe watengenezaji wanalijua hilo. Panasonic walipotoa kamera yao ya mfukoni, TZ60, mwaka 2014 iliitwa ya megapikseli 18. Mwaka uliofuata, kwenye TZ70, wakashusha hadi 12. Nani anashusha namba kwenye bidhaa mpya kama namba ndiyo ubora? Mimi niliposoma hapo nilicheka peke yangu kwenye daladala, kisha nikakumbuka laki tatu na nusu yangu, nikaacha kucheka.

Zipo pia kamera za mfukoni zenye sensa wanayoiita ya inchi 1. Ni jina tu, kipimo chake ni milimita 13.2 kwa 8.8. Lakini eneo lake ni karibu mara nne ya ile ndogo. Jioni, ndani ya msitu, ukungu ukishuka, hapo ndipo utaiona tofauti.

Zumu nayo ina ulaghai wake. Zumu ya kweli ni lenzi kusogea. Zumu ya dijitali ni kamera kukata katikati ya picha na kuikuza, kazi ambayo hata wewe unaweza kuifanya nyumbani kwa vidole viwili. Mbinu yangu dukani siku hizi ni hii, na wauzaji hawaipendi: nasoma maandishi yaliyozunguka lenzi. Ukiona namba mbili, mfano 9.1–91, gawanya kubwa kwa ndogo, unapata 10, hiyo ni zumu ya mara 10 ya haki. Ukikuta namba moja tu, na lenzi haitoki hata ukiibembeleza, basi 16 iliyoandikwa kwenye boksi ni hadithi. Yangu ilikuwa na namba moja. Nilikuwa nayo mkononi siku nzima na sikuisoma.

Na ile simu ya shemeji? Haikuwa uchawi. Simu za siku hizi hupiga picha kadhaa kwa mkupuo, za mwanga mwingi na mwanga kidogo, zikaziunganisha kuwa moja. Kamera ndogo nyingi hazikufanyii hivyo zenyewe, ni lazima wewe ufikirie. Mtu akiwa na jua mgongoni, washa taa ya kamera hata kama ni mchana, itamulika uso. Au mgeuze. Au amka mapema: Irente asubuhi jua liko nyuma yako na nyika yote imeangazwa. Mlima uko palepale tangu enzi za Wajerumani, nyie ndio mnaochelewa kuamka.

Hapa ndipo nasema wazi: kama simu yako ni nzuri na huna mpango wa kujifunza, usinunue kamera. Kula hiyo hela. Wengi mnataka kamera ili mwonekane mna kamera, na nasema hivyo kwa sababu mimi ndivyo nilivyokuwa.

Mimi nilijifunza. Binamu yangu alikuwa anarudi kutoka Uingereza, nikamwomba anitafutie Panasonic TZ100 iliyokwishatumika, ikanigharimu laki nane na nusu. Ilitoka 2016, ina sensa ya inchi 1, na lenzi yake ndiyo ile ya 9.1–91 niliyoitaja. Ila kilichonifanya nilipe ni kitundu cha kuchungulia, kile cha kuweka jicho kama kamera za wazee wetu. Jua liwe kali namna gani, unaona unachopiga. Kwa nchi yetu hii ya jua, sijui kwa nini watu hawakiulizii.

Juni mwaka huu nikaipeleka Ngorongoro. Asubuhi ukingoni ukungu mzito na baridi ya kung'ata meno, na betri haipendi baridi. Ya pili nilikuwa nayo mfuko wa ndani, karibu na mwili. Saa tatu ukungu ukapasuka. Bonde lile lina upana wa karibu kilomita 19 na kina cha mita 600 hivi, na TZ100 inaanzia upana wa milimita 25 kwa kipimo cha kamera za filamu (si zile 9.1 za kwenye lenzi; namba ikiwa ndogo inameza upana zaidi, ikiwa kubwa inavuta karibu zaidi), ikalimeza karibu lote. Picha hiyo nitaizungumzia hadi nizeeke.

Faru, hapana. Gari haliruhusiwi kutoka barabarani mle ndani, na faru alikuwa mbali, kwenye picha yangu ni kama harage jeusi. Kijana mmoja kwenye gari la jirani alikuwa na TZ70 ileile ya megapikseli 12, sensa ndogo, lakini lenzi yake inafika milimita 720 kwa kipimo hichohicho. Akanionyesha pembe za yule faru. Nilimpongeza, kwa shida. Kwa hiyo jiulize kwanza unafuata nini, mandhari au wanyama, kwa sababu kamera ya mfukoni haitakupa vyote kwa kiwango kimoja. Na tulipokula Ngoitokitok, mahali pa kula chakula mle bondeni, mwewe alishuka akamnyang'anya mama mmoja paja la kuku. Kamera yangu ilikuwa imezimwa. Hadi lenzi itoke, mwewe alikuwa juu anakula. Hiyo nayo iulizie dukani: inachukua muda gani kuwaka.

Baba nilimchapishia ile picha ya bonde, kubwa, na fremu ya mninga. Ameifurahia sana. Ameitundika chumba cha wageni.

Sasa wewe dada wa laki sita. Kwa bei hiyo usihangaike na mpya. Tafuta iliyokwishatumika: Sony RX100 ya kwanza, ya 2012, ina sensa ya inchi 1 na inaingia mfukoni kweli, ila haina kitundu cha kuchungulia na zumu yake haifiki hata mara 4. Au TZ70, kama watoto watalilia simba. Nenda na memori kadi yako, piga picha ndani ya duka kwenye kona yenye giza, toka nje upige juani, kisha ukazitazame kwenye kompyuta kabla ya kutoa hela. Toa zumu yote na kuirudisha mara kumi, sikiliza kama lenzi inakwaruza. Kama mtapitia Zanzibar baadaye, usiiweke mchangani hata juu ya kanga. Rafiki yangu aliiweka hivyo Nungwi, chembe zikaingia, lenzi ikagoma nusu njia na haijarudi ndani mpaka leo.

Na ile ya megapikseli 48, soma lenzi yake. Nadhani utakuta namba moja.