Ukikutana na kiboko alfajiri

Dada, umeuliza ufanyeje ukikutana na kiboko alfajiri ukienda kuteka maji Naivasha. Kwanza angalia ziwa liko upande gani. Usiku hutoka kula nyasi, alfajiri anarudi. Ukisimama kati yake na maji, umemzibia mlango. Mpishe: rudi nyuma taratibu, kwa pembeni, ukimtazama. Akiachama meno yakaonekana, anakuonya. Usimrushie jiwe wala kummulika usoni. Mbio usizitegemee, anafika kilomita 30 kwa saa. Akikujia, jikinge nyuma ya mti mnene au panda kichuguu.

Njia yake utaijua: mikondo miwili iliyokanyagwa, nyasi katikati, kinyesi kimetapanywa vichakani. Usiifuate kabisa. Na tafadhali, watoto wasitumwe maji kabla hakujapambazuka.