Usilipie kikundi tiketi kabla mtu wenu mmoja hajaiona filamu

Ndugu wa Luanda hapa Vihiga, usitume hiyo pesa. Umesema kikundi chenu kinataka kuwapeleka watoto Kisumu likizo hii wakaone sehemu ya pili ya filamu ya shujaa wao, na kwamba kuna wakala anayetaka mlipe tiketi zote kufikia Jumatano, kabla filamu haijafika ukumbini. Halafu ukauliza kuhusu matatu, chakula na umri wa watoto. Hayo mengine yanaweza kungoja. Niliposoma hapo pa wakala katika ujumbe wako moyo ulinipiga, maana sisi wa Mbale tulipitishwa njia hiyo hiyo Novemba 2022, na hadi leo wako wenzetu wasiotaka kusikia habari za sinema.

Kumbuka filamu ya Black Panther ya 2018 ilivyopokelewa huku. Mwezi wa Februari ilizinduliwa Kisumu kwa zulia jekundu, kwa sababu Lupita Nyong'o, anayemwigiza Nakia humo, ni wa kwetu na babake ndiye aliyekuwa gavana. Watoto ambao hawajawahi kuingia ukumbi wa sinema walijua kukunja mikono kifuani kwa salamu ya Wakanda, ule ufalme wa filamuni. Chadwick Boseman, aliyemwigiza mfalme T'Challa, alipofariki Agosti 2020, watu walimlilia kama jamaa yao. Kwa hiyo sehemu ya pili, Black Panther: Wakanda Forever, ilipokaribia, yeyote mwenye tiketi mkononi alikuwa na soko tayari.

Ndipo akaja kijana wa kuuza tiketi za vikundi. Alituapia kwamba viti vitaisha, kwamba Lupita yumo mwanzo hadi mwisho, na kwamba raha ni ile ile ya kwanza, vicheko na ngumi. Hakuwa ameiona. Hakuna mtu Kenya nzima aliyekuwa ameiona! Alichukua sifa za filamu moja akazibandika kwa nyingine, akapokea mchango wa kina mama waliouza mboga na mayai miezi kadhaa, na akasema pesa hairudi.

Sasa sikiliza kilichotukuta. Mama mmoja wa kikundi alikuwa amemzika kifungua mimba wake muda si mrefu. Tulimbembeleza aje na wajukuu, achangamke kidogo. Filamu inaanza na kifo. Shuri anahangaika kwenye maabara kumtafutia kakake T'Challa dawa, anashindwa, kisha jeneza linapita katikati ya watu waliovaa nyeupe, wanacheza na kulia. Baada ya hapo nembo ya Marvel, kampuni iliyotengeneza filamu, inakuja kimya, imejaa picha za Boseman peke yake. Kila mtu ukumbini alijua kwamba aliyeombolezwa amekufa kweli. Mama yule aliinuka akatoka, na mjukuu wake mdogo akanishika mkono akauliza kama bibi amekasirika. Tulimtoa matanga tukamwingiza matanga mengine. Na sisi wengine kabla hatujatulia vizuri, Malkia Ramonda, mama yao Shuri na T'Challa, naye anakufa maji akimwokoa Riri, msichana mvumbuzi Mmarekani. Angela Bassett aliigiza huyo malkia kwa nguvu ambayo sijaiona kwingine, ndiyo sababu iliuma zaidi.

Simlaumu mwongozaji Ryan Coogler kwa kumwomboleza rafiki yake. Mazishi yale ndiyo sehemu bora ya filamu nzima, na mavazi aliyobuni Ruth Carter yalistahili Oscar yake ya pili. Ninamlaumu aliyetuuzia msiba kwa jina la sherehe. Mtu akiniambia ukweli, ninajua wa kumwalika na wa kumwacha nyumbani.

Hata kwa sisi tuliobaki vitini, kiu haikukatika. Lupita haonekani hadi filamu imeshakwenda mbali sana. Nakia amehamia Haiti, na watoto walikuwa wamechoka kuuliza yuko wapi. Dakika 161! Ya kwanza ilikuwa 134 na hatukuhisi muda. Hii imebebeshwa msiba wa T'Challa, ufalme wa Talokan chini ya maji, Riri na mitambo yake, pamoja na majasusi wa Marekani ambao ungewaondoa kabisa na hadithi isingeyumba. Kilichonichoma hasa ni hiki: mwanzoni wavamizi ni Wafaransa, wamekuja kuiba vibranium, madini ya thamani ya Wakanda, katika kituo cha Wakanda kule Mali. Halafu hao wanasahaulika, na tunakaa kutazama Wakanda na Talokan, mataifa mawili yenye adui mmoja, wakiuana baharini. Namor, mfalme wa Talokan, anasema wazi kwamba anawaogopa hao hao wa nje. Nilingoja mtu awageukie, sikuona. Hiyo ilikuwa hadithi kubwa, na waliiacha mlangoni.

Na viti havikuisha. Ukumbi ulikuwa na nafasi tele siku ile, tiketi ziko dirishani kwa yeyote. Tungengoja wiki moja tungekuwa tumejua yote haya, na tungeenda watu wazima wanaoyaweza, watoto wakapelekwa kwingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Mchangieni mtu mmoja mwenye akili timamu, si shabiki sugu, aende siku ya kwanza akiwa peke yake. Akirudi muulizeni: nani anakufa, inaanzaje, ina urefu gani, na yule mnayemfuata anaonekana lini. Msimuulize kama ni nzuri, kila mtu husema ni nzuri. Kisha ndipo mhesabu watoto. Haijalishi sehemu ya kwanza iliwaliza kwa furaha kiasi gani, hao walioitengeneza wanaweza kuwa wamepania jambo lingine kabisa.

Kuhusu umri, angalia alama ya bodi ya uainishaji wa filamu ya Kenya kabla ya kumwambia mtoto yeyote. Ile yetu Marekani waliipa PG-13, yaani mzazi awe mwangalifu na mtoto wa chini ya miaka 13, na sisi tulikuwa na wa miaka sita. Chakula wape kabla ya kuingia. Mambo ya matatu waulize wenzangu hapa wanaokodisha kila mara.

Wakala mwambie utampigia Jumamosi, baada ya mtu wenu kurudi. Akisema bei itapanda, ipande. Akisema viti vitaisha, muulize aliambiwa na nani, kisha uweke simu chini.