Pampu inanisaidia mchana, mbona usiku kifua kinabana tena?

SWALI: Dokta habari, nina pumu. Nikifagia chumba chenye vumbi kifua kinabana, navuta salbutamoli napata nafuu fasta, ila usiku kinabana upya wakati vumbi nilishaachana nalo. Sasa nimeandikiwa na pampu ya steroidi nivute kila siku hata nikiwa mzima. Ya nini? Na wanaposema seli za kinga ndo zinaleta pumu wana maana gani?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Huko kubana kwa usiku mara nyingi ni vumbi lilelile la mchana, kazi yake haijaisha. Mtu mwenye aleji ya vumbi anakuwa na kingamwili aina ya IgE zimejishika juu ya seli za kinga zinazoitwa masti, zimejaa kwenye njia za hewa, vumbi likigusa tu zinamwaga kemikali za histamini na lukotrieni na misuli inayozunguka njia ya hewa inakaza, hapo ni suala la dakika tu. Salbutamoli inailegeza hiyo misuli, basi.

Ila kuna kundi la pili na hili ndo linaloniumiza kichwa kwa wagonjwa wangu manake halionekani. Seli T, hizi nazo ni seli za kinga, zinatoa kemikali zao ziitwazo interlukini: ya 4 inachochea IgE zaidi, ya 13 inaongeza makohozi, ya 5 inaziita eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, kutoka kwenye uboho wa mifupa, na hizi zikifika zinamwaga protini zenye sumu zinazochubua utando wa njia ya hewa mpaka unavimba. Hiyo inakuja masaa 4 hadi 8 baadaye, na salbutamoli uliyovuta imeshaisha nguvu, afu usiku kotisoli, homoni ya mwili wenyewe inayotuliza uvimbe, inashuka.

Steroidi inazima hizo kemikali na kupunguza eosinofili, lakini taratibu, siku hadi wiki, ndo maana unavuta hata ukiwa mzima. Tangu 2019 mwongozo wa GINA, taasisi ya kimataifa ya pumu, haushauri mtu mzima mwenye pumu atumie salbutamoli peke yake.

Si kila pumu ni ya eosinofili, kuna ya neutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, ambayo steroidi haiisaidii sana, kwa hiyo ukivuta vizuri kila siku na bado usiku unaamka unahema rudi kwa daktari, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha eosinofili zako zikoje. Na kila ukivuta steroidi sukutua na maji uteme, ikibaki mdomoni inaleta fangasi.