Kipato cha Maine hakisomeki bila umri wa watu wake na ukubwa wa kaya

Ndugu uliyeuliza kama ni kweli kwamba sensa ya 2020 inawaonyesha watu wa jimbo hili la Maine kuwa maskini kuliko Wamarekani wengine, na kama ni busara kuihamisha familia yako kutoka Texas kuja huku, nakujibu nikiwa mkazi wa Lewiston, mji wa huku Maine, tangu 2008 na mmoja wa makarani waliopita mlango kwa mlango katika sensa hiyo.

Kwanza nikurekebishe kidogo. Sensa ya 2020 haikumwuliza mtu yeyote kipato chake. Tuliuliza majina, umri, jinsia, asili, uhusiano wa watu wanaoishi pamoja, na kama nyumba ni ya kwao au ya kupanga. Zile dola 68,251 kwa kaya kwa mwaka ulizozitaja, zikilinganishwa na 75,149 za nchi nzima, zinatokana na utafiti mwingine wa Ofisi ya Sensa unaofanyika kila mwaka kwa kuhoji sehemu tu ya kaya, na takwimu hizo hasa ni za miaka mitano, 2018 hadi 2022, zikiwa zimeunganishwa. Tena kiasi hicho ni cha kaya iliyo katikati kabisa endapo kaya zote zingepangwa mstari mmoja kuanzia yenye kipato kidogo hadi yenye kipato kikubwa, kwa hiyo nusu ya kaya ziko chini yake na nusu ziko juu. Neno la kulishika hapo ni kaya, na ndilo linalowapotosha wengi.

Jimbo zima lilihesabiwa kuwa na watu 1,362,359, yaani karibu robo tu ya wakazi wa Dar es Salaam, wametawanyika katika eneo kubwa lenye misitu, maziwa na pwani ndefu. Zaidi ya watu 6 katika kila 10 wanaishi vijijini, wakati kwa Marekani nzima ni wawili katika kila 10, na ni jimbo la Vermont pekee linaloizidi Maine kwa kipimo hicho. Umri wa mtu wa katikati unakaribia miaka 45, ambao ni mkubwa kuliko wa jimbo lolote jingine, na zaidi ya mmoja katika kila watano ametimiza miaka 65. Kwetu Tanzania karibu nusu ya watu hawajafika miaka 18. Nilipofika huku sikuelewa tofauti hiyo ina maana gani katika maisha ya kila siku, hadi nilipoanza kazi ya kuwatunza wazee na kuona zamu zikikosa watu wiki baada ya wiki.

Kiapo cha karani wa sensa hunifunga maisha yangu yote, na anayekivunja anaweza kufungwa miaka 5 na kutozwa faini ya hadi dola 250,000, kwa hiyo sitataja nyumba yoyote niliyoingia kwa kazi ile. Nitasema tu kwamba katika barabara za mashambani nilibisha hodi kwenye nyumba nyingi zisizo na mtu, kwa kuwa Maine ina sehemu kubwa mno ya nyumba za mapumziko zinazofunguliwa majira ya joto pekee.

Chukua basi kaya mbili ninazozifahamu nje ya kazi hiyo. Jirani yangu wa zamani ni mjane anayeishi peke yake kwa pensheni, katika nyumba ambayo yeye na marehemu mumewe walikwisha kuilipia. Kwenye jedwali kipato chake kinaonekana duni sana, lakini halipi kodi ya nyumba, na linalomhangaisha ni bei ya mafuta ya kupashia nyumba joto, nishati ambayo kaya nyingi za huku bado huitegemea. Kaya ya pili ni ya ndugu zetu kutoka Kongo, watu wanane katika vyumba vitatu, wanne kati yao wakiwa kazini. Kwa hesabu ya kaya, hawa wako juu kabisa ya mstari wa katikati. Ukigawa kipato hicho kwa vinywa vinane na kuondoa kodi ya nyumba, utaona mara moja ni nani anayelala na wasiwasi zaidi. Jimbo lenye wajane wengi wa namna ya jirani yangu litaonekana daima kuwa na kipato kidogo, hata pale ambapo mwajiri anatafuta mtu wa kumlipa na hampati.

Fanya hesabu kwa upande wako pia. Kima cha chini cha mshahara huku mwaka 2025 kilikuwa dola 14.65 kwa saa. Kwa kima hicho, mtu aliyefanya kazi saa 40 kwa wiki mwaka mzima alipata dola 30,472 kabla ya makato, na mume na mke 60,944. Kazi ya kutunza wazee kwa kawaida hulipa zaidi ya kima hicho.

Usichukulie, hata hivyo, kwamba Maine yote ni moja. Kaunti ya Aroostook, huko kaskazini kwenye mashamba ya viazi, ilikuwa na watu 106,064 mwaka 1960, na mwaka 2020 walibaki 67,105. Mashine zilipunguza haja ya vibarua mashambani, kambi ya ndege za kijeshi ya Loring ikafungwa mwaka 1994, na vijana wakaondoka. Millinocket, mji uliojengwa kwa ajili ya kiwanda cha karatasi, ulikipoteza kiwanda hicho mwaka 2008. Kusini, kuzunguka Portland, mji mkubwa kuliko yote huku, watu wanaongezeka na kipato ni kikubwa zaidi, lakini kodi ya nyumba imepanda kwa kasi iliyowaumiza wengi wetu. Wenye nyumba wengine wanadai malipo ya miezi mitatu kabla ya kukabidhi ufunguo, jambo lililonikuta mwenyewe nilipotafuta nyumba huko, nikarudi Lewiston.

Kwa zaidi ya miaka 10 sasa, vifo katika jimbo hili vimezidi vizazi. Hata hivyo, kati ya 2010 na 2020 watu waliongezeka kwa karibu 34,000, na ongezeko hilo lilitokana na wahamiaji, wengi wao wakitoka majimbo mengine na baadhi wakitoka mbali zaidi. Wasomali walianza kuja Lewiston mwaka 2001, mji wa viwanda vya nguo uliokuwa umepungukiwa na watu, na majira ya joto ya 2019 waomba hifadhi wapatao 450, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walifika Portland katika wiki chache wakalazwa kwenye ukumbi wa michezo. Waliojitambulisha kuwa watu weusi walikuwa asilimia 1.2 mwaka 2010, na 1.9 mwaka 2020. Ni wachache bado, lakini katika wodi ninayofanyia kazi usiku, Kiswahili husikika kila zamu.

Linaloniuma ni kwamba mwomba hifadhi hawezi hata kuomba kibali cha kazi mpaka siku 150 zipite tangu awasilishe maombi yake, wala kukipata kabla ya siku 180. Nimewaona wauguzi waliosomea Lubumbashi wakikaa bure muda huo wote, huku vitanda vya wazee vikifungwa kwa kukosa wahudumu. Ikiwa wewe tayari una kibali, kizuizi hicho hakikuhusu.

Niambie kaya yako ina watu wangapi, wangapi watafanya kazi, na unaifikiria kaunti gani, nami nitakusaidia kulisoma jedwali la kaunti hiyo badala ya lile la jimbo zima.