Kabla ya Kuiongezea Nguvu Suzuki Swift Sport: Ushauri kwa Anayeishi Nairobi

Seti nyingi za kuongeza nguvu za Suzuki Swift Sport zinazofika Nairobi zilibuniwa Japani, zikajaribiwa kwa petroli ya Japani na kwenye barabara za Japani, kisha zikafungashwa pamoja na maelezo yasiyomfikiria kabisa mtu anayeishi zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kuteremka Mombasa kila Desemba. Ninamiliki gari hili la toleo la ZC33S, ninalipenda sana, na nimekuwa nikilifanyia maboresho kidogo kidogo. Kila ninapoombwa ushauri, humsihi anayeniuliza aache kwanza hesabu ya nguvu za farasi zitakazoongezeka, achunguze kifaa anachokitaka kilitengenezwa kwa mazingira gani.

ZC33S ilianza kuuzwa Japani mwaka 2017 ikiwa na injini ya lita 1.4 yenye turbo, nguvu za farasi 140 na toki (nguvu ya msokoto) ya newtonmita 230 inayopatikana tangu mizunguko 2,500 kwa dakika. Gari la gia za mkono lina uzito wa kilo 970 tu, na wepesi huo ndio unaolifanya lichangamke kuliko magari mengi yenye injini kubwa zaidi. Kwa hiyo nyongeza ndogo ya nguvu huhisiwa mara moja, na ndiyo maana soko la vifaa vyake ni pana.

Kifaa cha bei nafuu kabisa ni kile kinachofungwa kwenye pedali ya mafuta. Hakiongezi hata farasi mmoja. Hubadilisha tu ishara ya pedali ili gari liitikie haraka unapoikanyaga. Anayekinunua akijua hivyo hajadanganyika. Hatua inayofuata ni kompyuta ndogo kama HKS Power Editor au Blitz Power Con, ambazo huchomekwa kwenye nyaya za sensa za presha na kuifanya turbo isukume hewa zaidi ya ilivyopangwa kiwandani. Juu ya hizo kuna kazi ya kuandika upya programu ya kompyuta kuu ya injini, ambayo ndiyo yenye faida kubwa na ndiyo inayohitaji fundi anayejua kweli anachokifanya.

Hapo ndipo suala la petroli linapoingia. Petroli ya daraja la juu nchini Japani huuzwa ikiwa na oktani (kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili presha bila kulipuka ovyo) 98 hadi 100, na watengenezaji wa vifaa hivi huipangia mipangilio yao wakiwa na hakika kwamba mteja atajaza hiyo. Petroli yetu ya kawaida haifiki kiwango hicho. Oktani ikipungua huku presha ya turbo ikipandishwa, mchanganyiko wa hewa na mafuta hulipuka kabla ya wakati wake na injini huanza kugonga. Kompyuta hujaribu kujiokoa kwa kuchelewesha cheche za plagi, na matokeo yake ni kwamba farasi uliowalipia hupotea palepale huku joto ndani ya silinda likipanda. Ukinunua seti yenye ngazi kadhaa za nguvu, anza na ya chini kabisa, na ujaze petroli ya daraja la juu kila wakati, si siku za safari tu.

Kimo cha Nairobi nacho kina hesabu yake. Shinikizo la hewa hapa ni takriban asilimia 82 ya lile la Pwani, kwa hiyo turbo hulazimika kuzunguka kasi zaidi ili kufikia presha ileile. Ukiiongezea kazi juu ya hiyo, hewa inayotoka humo huwa moto zaidi, na ndiyo sababu mimi huwashauri watu wafunge intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) kubwa zaidi kabla ya kugusa presha. Kuna jambo la kutia moyo: sehemu za chapa ya Monster Sport hutengenezwa na kampuni ya Nobuhiro Tajima, ambaye mwaka 2011 alikuwa wa kwanza kupanda mlima Pikes Peak nchini Marekani kwa chini ya dakika 10, akiendesha Suzuki SX4 hadi kilele chenye mita 4,302. Watu hao wanaijua hewa nyepesi. Hata hivyo, gari linalouzwa kwa mteja wa Tokyo halikupangwa kwa kilele hicho.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni safari ya kuteremka. Mipangilio iliyokazwa hadi ukingoni ikiwa Nairobi inaweza kuwa nyingi mno Pwani, ambako hewa ni nzito na yenye joto. Mimi husafiri na skana ndogo ya kusoma taarifa za injini iliyochomekwa chini ya usukani, simu ikiwa mbele ya abiria anayenisomea tarakimu. Kuanzia Voi kuelekea Mariakani, mchana wa jua kali na kiyoyozi kikifanya kazi, cheche hucheleweshwa nyuzi kadhaa gari likiwa katika gia ya sita na mguu ukikandamiza mafuta huku injini ikiwa na mizunguko michache. Nikishusha hadi gia ya nne, tarakimu hurudi mahali pake. Injini ndogo za turbo zenye mafuta yanayonyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda huumia hasa katika hali hiyo ya mzigo mkubwa na mizunguko midogo, na mlipuko mmoja wa kabla ya wakati unaweza kuvunja pistoni. Tumia oili ya injini ya daraja la API SP (kiwango cha Taasisi ya Petroli ya Marekani), ambalo lilianzishwa mwaka 2020 likiwa na kipimo cha kukabili tatizo hilohilo, na usiisubiri ipitilize kilomita zake.

Kuhusu breki sina subira na mtu anayeziacha mwisho. Oili ya breki ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Ukiteremka Mai Mahiu nyuma ya malori huku oili ni ya zamani, pedali italegea kabla hujafika chini. Badilisha oili na pedi, na ununue matairi mazuri ya saizi ya kiwandani, 195/45R17, kabla ya kufikiria farasi wa nyongeza.

Springi fupi ndizo ninazowakataza wengi. Gari hili lina nafasi ya milimita 120 tu kutoka chini yake hadi barabarani, na springi za Japani huzingatia sheria ya huko inayoruhusu hadi milimita 90. Milimita 90 haziwezi kuvuka matuta ya mitaa yetu bila kukwaruza. Shokamzoba nzuri zenye springi za urefu wa kawaida zitakupa utulivu kwenye kona bila adhabu hiyo.

Unapochagua gereji, uliza kama wana mashine ya kupima nguvu za injini na kama watakupa vipimo vya kabla na baada, pamoja na nakala ya programu ya awali. Anayekuahidi farasi 40 kwa kusikiliza mlio wa ekzosi tu, muage kwa heshima. Kisha ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi mabadiliko yote uliyofanya, kwa kuwa usipoyataja unaweza kunyimwa fidia siku ya ajali, na hifadhi sehemu za asili nyumbani, kwani mnunuzi wa baadaye huenda akalitaka gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani.